Nimemaliza Super Mario, lakini Kaka anasema sijamaliza

Nimepotea kidogo, na safari hii sisingizii kazi. Kwa muda wa wiki sita hivi nimekuwa nikitoka ofisini, nakula chochote kilicho karibu, kisha naketi kucheza gemu ambazo zote zimenizidi umri. Nimemaliza tatu: Super Mario Bros. ya 1985, The Legend of Zelda ya 1986 na Prince of Persia ya 1989. Nia yangu ilikuwa kuwaandikia tu nilivyoziona, ipi bado tamu na ipi imechacha, kisha turudi kwenye mambo yetu ya kawaida. Lakini nikafanya kosa la kumpigia Kaka simu ili nijisifu.

Kaka yuko Muscat, ni dereva wa familia moja huko. Nikamwambia, "Kaka, yule binti mfalme nimemuokoa." Akacheka sana, akaniuliza habari za 8-4, akaniuliza kama lile zimwi la mwisho linatupa nyundo kweli kama tulivyoambiwa utotoni. Halafu akauliza swali moja: "Umetumia ile ya kurudisha nyuma?"

Nikanyamaza. Nilicheza kwenye Switch niliyoazima kwa mwenzangu kazini, kwa ile huduma ambayo Nintendo imekuwa ikiwapa wanachama gemu za zamani tangu 2018. Humo ukibonyeza vitufe viwili pamoja, gemu inarudi nyuma kama kanda, unasahihisha kosa lako, unaendelea. Sikujua kama Kaka anaijua. Kumbe watoto wa mwajiri wake wanayo hiyo Switch.

"Basi hujamaliza," akasema. "Umetazama mwisho tu."

Wenye ndugu wakubwa mnajua maneno kama hayo yanavyokaa kichwani. Nikaanza kujiuliza, hivi kumaliza gemu ni nini hasa? Nani aliamua kwamba gemu ina mwisho? Nikaingia kusoma, na nilichokuta ni historia ya kumbukumbu, yaani ile kumbukumbu ya ndani ya mashine. Lakini kwanza niwape kisa chetu, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta anakosa usingizi kwa ajili ya fundi bomba mwenye masharubu.

Mwaka 2005 tulikuwa Kisauni, Mombasa. Mimi nilikuwa na miaka minane, Kaka kumi na tatu. Mjomba alituletea gemu ya TV, zile za bei nafuu zilizoigiza umbo la PlayStation kwa nje, ukiifungua ndani ni Nintendo ya miaka ya themanini. Kaseti yake iliandikwa kwamba ina gemu 9999999. Zilikuwa kama nne hivi, zikirudiwa rudiwa kwa majina mengine. Mojawapo ilikuwa Mario.

Sheria ya nyumbani ilikuwa moja: saa moja kamili jioni, taarifa ya habari. Na ikifika saa moja, gemu haizimwi kwenye TV tu, bali inachomolewa ukutani kabisa, kwa sababu Mama aliwahi kuigusa adapta ikamuunguza, akaapa kwamba kidude kile kitakuja kututeketezea nyumba. Tulirudi shule saa kumi na moja. Ukitoa chai, madrasa ya siku zile tatu na kutumwa dukani, tulibaki na saa nzima hivi. Njia ya mkato tuliijua moja tu, yale mabomba ya 1-2 yanayokurusha hadi dunia ya nne. Kuanzia hapo ilikuwa ni kutembea kwa miguu, hatua baada ya hatua, mpaka saa ikufikie. Kila siku tulianza 1-1. Kila siku!

Siku moja Kaka alifika 8-3. Hatujawahi kufika hapo. Saa ikawa saa moja kasoro dakika mbili. Akaisimamisha gemu kwa kitufe cha Start, akachomoa waya wa TV tu, adapta akaiacha ukutani, gemu akaifunika kwa leso ya Mama. Tukaketi mbele ya taarifa ya habari kama watoto wenye adabu. Kila baada ya dakika chache nilipenyeza mkono chini ya leso kuangalia kama kijitaa chekundu bado kinawaka. Habari za siasa zikapita, za mikoani zikapita. Saa moja na dakika ishirini, stima ikapotea mtaa mzima.

Kaka hakusema kitu. Alitoka nje akakaa barazani mpaka stima iliporudi, na baada ya siku ile aliicheza Mario mara chache sana. Hatukuuona mwisho.

Haya, sasa historia.

Gemu za kwanza za biashara hazikuwa na mwisho, na hazikutakiwa ziwe nao. Pong ya Atari, 1972, ilikuwa mashine ya kuwekwa baa: unatia sarafu, unacheza, unashindwa au unashinda, mwingine anatia sarafu. Mwenye mashine hapati faida kwa wewe kufika mwisho, anapata faida ukishindwa upesi huku ukiamini kwamba ulikaribia. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, 1978, iliufanya ujanja huu kuwa mtamu zaidi. Wale wavamizi wanaongeza mwendo kadiri unavyowapunguza, na wengi hudhani ulikuwa ni ubunifu uliopangwa tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba prosesa ya mashine ile, Intel 8080, ililemewa na kuchora wavamizi wote. Wakipungua, kazi inapungua, waliobaki wanakimbia. Nishikado aliona jambo hilo linaupa mchezo uhai, akaliacha. Mimi nikileta hitilafu kama hiyo kazini naambiwa nikairekebishe kabla ya Ijumaa.

Basi gemu ya sarafu inaendelea milele, ukiweza. Lakini hapa ndipo sisi watu wa programu tunapotabasamu, kwa sababu "milele" ni neno ambalo mashine ya biti 8 haina. Baiti moja inabeba namba kuanzia 0 hadi 255. Ukiongeza moja juu ya 255, unarudi 0, kama kaunta ya maili ya gari kuukuu.

Pac-Man ilitoka Namco mwaka 1980, mtunzi wake Toru Iwatani. Hesabu ya hatua imewekwa kwenye baiti moja. Chini ya skrini mashine huchora matunda ya kuonyesha umefika wapi, yasiyozidi saba. Ukifika hatua ya 256, ndani ya mashine hesabu inasomeka 255, maana ilianzia sifuri. Programu inaongeza moja kabla ya kuchora, inapata sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko nane, kwa hiyo inafuata njia ya hatua za mwanzo: chora matunda kwa idadi hii. Kitanzi kinapunguza moja kwanza ndipo kinauliza kama kimefika sifuri, na sifuri ukipunguza moja ni 255, kwa hiyo kinazunguka mara 256. Kinachora matunda, kikimaliza orodha ya matunda kinachora chochote kinachofuata kwenye kumbukumbu, na nusu ya kulia ya skrini inageuka takataka ya herufi na rangi. Vitone vya kutosha kumaliza hatua havipatikani. Gemu imekufa.

Donkey Kong ya 1981 ni kisa kile kile kwa njia nyingine. Shigeru Miyamoto ndiye aliyeibuni, na yule kijana anayeruka mapipa ndiye baadaye akaitwa Mario. Muda wa kila hatua unapatikana kwa kuzidisha namba ya hatua kwa kumi na kuongeza arobaini, kisha mia mia. Hatua ya kwanza: 50, yaani 5,000. Muda umewekewa kikomo cha 8,000. Lakini hatua ya 22 inatoa 260, na 260 haiingii kwenye baiti. Inabaki 4, yaani 400. Mario anapanda hatua chache, muda unakwisha, anaanguka na kufa bila kuguswa na mtu. Hakuna aliyeamua kwamba gemu iishie pale. Ni hesabu tu iliyojaa.

Kwa hiyo mwisho wa zamani ulikuwa ajali. Mwisho kama tunaoujua sisi, wa hadithi, wa binti mfalme na muziki, ulipata nafasi hasa mashine zilipohamia sebuleni. Nyumbani umeshalipa mara moja, hakuna sarafu ya pili, kwa hiyo mwenye gemu anaweza kukuahidi kitu cha kukufikisha mbali. Super Mario Bros., Septemba 1985, ina dunia nane za hatua nne nne, na yote hayo yamo ndani ya kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa kwa WhatsApp inazidi hapo. Nikiicheza leo naona kitu ambacho sikukiona utotoni: hakuna maelezo hata mstari mmoja, lakini skrini ya kwanza kabisa inakufundisha kila kitu. Yule uyoga wa kwanza anakujia taratibu, huna pa kwenda ila kuruka, ukiruka unagonga tofali, tofali linatoa kitu. Somo limekwisha. Bado ni gemu tamu, na mtu akinibishia nitambishia.

Ila ina kasoro moja, ile ile iliyotutesa. Kaseti ni kumbukumbu ya kusomwa tu. Hakuna mahali pa kuandika. Mashine yenyewe ina kilobaiti 2 za kufanyia kazi, na stima ikiondoka, zinaondoka nayo. Watunzi walikuwa wamejenga safari ndefu kuliko kumbukumbu ya kuibeba. Kijapani au Kimombasa, mtoto aliyeitwa mezani katikati ya dunia ya saba alikuwa amepoteza dunia ya saba.

Wajapani walitatua kwanza kwa karatasi. Dragon Quest ya Enix, iliyobuniwa na Yuji Horii, ilitoka 1986, na ukitaka kupumzika mfalme anakupa maneno ya uchawi ya herufi 20, unayaandika, kesho unayaingiza upya. Ndani ya zile herufi zimefungwa nguvu zako, fedha zako, silaha zako. Yaani kumbukumbu imehamishwa kutoka kwenye mashine, ikawekwa kwenye daftari la mtoto! Nikiwa chuo ningeipa alama zote. Ila gemu ya pili, 1987, ilikuwa na mengi zaidi ya kukumbuka, na maneno yake yaliweza kufika herufi 52. Ukikosea moja, umepoteza wiki zako. Metroid nayo, ilipouzwa Marekani 1987, ilikuwa na siri ya herufi 24.

Sasa tuje kwa Zelda, ambayo ndiyo gemu ya pili niliyoimaliza. Japani ilitoka Februari 1986 kwenye diski, kifaa cha ziada kilichobandikwa chini ya Nintendo, na diski unaweza kuiandika. Marekani kifaa hicho hakikuuzwa. Kwa hiyo 1987 waliifungia ndani ya kaseti ya rangi ya dhahabu, na ndani ya kaseti wakaweka betri ndogo kama ile ya saa, kazi yake kuishikilia kumbukumbu hai wakati mashine imezimwa. Betri! Kitu cha shilingi chache, na ghafla gemu inaweza kuwa ya mwezi mzima.

Lakini kuna jambo jingine la Zelda lililonifanya nisimame katikati ya chumba. Maelekezo yake yanasema, ukitaka kuzima, shika kwanza kitufe cha RESET, ukiwa umekishikilia ndipo uzime. Kwa nini? Kwa sababu umeme unapopungua, kuna kitambo kidogo sana ambapo prosesa inakuwa kama mtu aliyepigwa usingizi, haijui inafanya nini, na inaweza kuandika upuuzi juu ya kumbukumbu inayolindwa na betri. RESET inaifunga mikono. Mimi kazi yangu ya kila siku ni mifumo ya malipo, na nusu ya akili yangu inatumika kwenye swali hilo hilo: stima ikikatika katikati ya kuandika, fedha ziko kwa nani? Watu wa 1987 waliwakabidhi watoto kazi ya kujibu swali hilo kwa kidole gumba. Kuhusu stima inayokatika bila kukuuliza kama umeshika RESET, maelekezo yamenyamaza.

Na gemu yenyewe? Nilichoka nayo mara mbili, nikarudi mara tatu. Inakuangusha uwanjani bila upanga, bila njia. Kuna pango, ndani kuna mzee, anakupa upanga, basi. Ramani ya nje ina skrini 128, na siri zimefichwa chini ya vichaka ambavyo huna sababu yoyote ya kuvichoma. Miyamoto amewahi kueleza kwamba ilitokana na utoto wake wa kuzurura mashambani karibu na Kyoto, kuingia mapangoni na taa. Ukiicheza na ramani ya intaneti pembeni, kama nilivyofanya mimi kwenye magereza mawili ya mwisho, unaipoteza sehemu hiyo. Nakiri. Ilikuwa ni gemu ya uwanja wa shule, ya watoto kumi kuambiana siri, na mimi niliicheza peke yangu usiku huko South B. Hapo haikuzeeka gemu, nimezeeka mimi.

Miaka ya mbele tatizo la kumbukumbu lilipata jibu la kudumu. PlayStation ya Sony, Desemba 1994, ilikuja na memori kadi ya kilobaiti 128, imegawanywa vyumba 16, kimoja cha orodha, 15 vyako. Kuanzia hapo mtunzi anaweza kuandika hadithi ya saa hamsini na asiwe na wasiwasi.

Isipokuwa mtaani kwetu. Vibandani tulikolipa shilingi kumi kwa dakika ishirini, memori kadi ilikuwa ya mwenye kibanda, na vyumba vyake vyote 15 vilijaa ligi za mpira za wateja wakubwa. Ukiomba chumba kimoja kwa ajili ya Resident Evil unaulizwa kama umechanganyikiwa. Kwa hiyo kizazi changu Kisauni kinajua mianzo ya gemu nyingi sana. Ile nyumba ya Resident Evil, chumba cha kulia, yule wa kwanza anayegeuza kichwa, nikifumba macho ninaviona. Mwisho wake nimeusoma Wikipedia. Naamini mko wengi wa aina yangu huko mlipo. Mpira ulishamiri kwetu kwa sababu tunaupenda, ndiyo, lakini pia kwa sababu mechi inakwisha ndani ya dakika ishirini na haidai kukumbukwa.

Ya tatu ni Prince of Persia, na hii sikuijua utotoni kabisa. Inachezeka bure kwenye kivinjari, kwa Internet Archive, toleo la DOS. Jordan Mechner aliiandika karibu peke yake kwa Apple II, kwa lugha ya mashine ya prosesa 6502. Mwaka 1985 alimchukua mdogo wake, David, akamvisha nguo nyeupe, akampiga video akikimbia na kuruka kwenye uwanja wa kuegesha magari, halafu akazigeuza picha zile moja moja kuwa mwendo wa mwana mfalme. Ndiyo maana ukimwona anavyojivuta kupanda ukingoni unahisi uzito wa mwili. Kazi ilimchukua miaka, na gemu ilipotoka 1989 Apple II yenyewe ilikuwa inaaga. Iliokolewa na matoleo ya mashine nyingine.

Una dakika 60. Dakika za kweli, za saa ya ukutani, na hazikusubiri ukifa. Kwa mtu aliyelelewa na taarifa ya habari ya saa moja, hii ni lugha ya nyumbani.

Na kuna Kivuli. Mechner alikuwa amejaza kumbukumbu yote, hakubakiwa na nafasi ya kumchora adui mwingine. Suluhisho likawa kuichukua picha ile ile ya mwana mfalme, kuisogeza biti moja na kuilinganisha na yenyewe kwa hesabu ya XOR, ikatoka taswira ya mzimu unaometameta. Adui mpya, bila gharama! Katika hadithi, unaruka ukapasua kioo, na Kivuli kinatoka upande wa pili, kinakuwa ni wewe mwingine anayekuharibia mambo. Mwishoni mnakutana kwa panga. Nilimchoma, nikaumia mimi. Nikamchoma tena, nikafa. Mara ya nne ndipo nilipofikiria kurudisha upanga alani, naye akarudisha wake, tukatembea kuelekeana tukawa mtu mmoja. Sijui kama nitawahi kuandika mistari michache ya XOR ikamfanya mtu atulie hivyo mbele ya skrini. Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika nne, mikono inatetemeka. Hapo hakukuwa na kurudisha nyuma, Kaka.

Msimbo wake wa Apple II ulipotea miaka mingi, mpaka baba yake Mechner alipokuta diski zimesahauliwa kabatini mwaka 2012. Sasa uko GitHub, mtu yeyote anaweza kuusoma. Niliusoma kidogo. Maelezo yake ni machache kuliko yangu, na unaeleweka kuliko wangu.

Najua kuna atakayeniuliza Tetris. Ile haina mwisho wa hadithi, na toleo la Nintendo la 1989 kwa miaka mingi liliaminika kuwa linakwishia hatua ya 29, ambapo vipande vinaanguka kwa kasi isiyofuatika na kidole. Vijana wakabuni njia mpya za kubonyeza padi. Desemba 2023, Willis Gibson wa Oklahoma, miaka 13, akaifikisha hatua ya 157, na gemu ikaganda. Msimbo wa kuhesabu alama unakuwa mrefu kuliko muda wa picha moja, mashine inakatizwa katikati ya hesabu, inapotea njia. Kwa hiyo baada ya zaidi ya miaka thelathini mtoto akaimaliza gemu isiyo na mwisho, kwa kuifikisha mahali ambapo watunzi hawakujua kuna mahali. Nilipomsimulia Kaka alisema, "Huyo ndiye aliyemaliza."

Sawa. Nikarudi kwa Mario, safari hii bila kurudisha nyuma, kama tulivyokuwa. Nilikufa sana. 7-4 ilinizungusha kama mgeni wa mji. Na katika kusoma soma ili nijue nakosea wapi, nikakuta kitu ambacho kilinifanya niifunge kompyuta na kwenda dirishani.

Kumbe njia ya kuendelea ilikuwepo. Maisha yakiisha na ukarudishwa kwenye skrini ya mwanzo, ukishika kitufe cha A na kubonyeza Start, huanzi 1-1. Unaanza mwanzo wa dunia ile uliyofia. Namba ya dunia inabaki kwenye zile kilobaiti 2 mradi stima ipo. Imo ndani ya kaseti tangu 1985, na imo ndani ya ile ya gemu 9999999 pia. Stima ya siku ile isingetusamehe, hilo najua. Lakini siku nyingine zote, zile ambazo Kaka alikufa dunia ya sita saa kumi na mbili na nusu, akavuta pumzi, akaanza 1-1 upya huku akiitazama saa? Kitufe kimoja. Kitabu cha maelekezo hatukuwa nacho, na sanduku letu lilikuwa na maandishi ya Kichina.

Nilimtumia ujumbe wa sauti kumweleza. Nilimwona ameusikiliza. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akaandika: "A na Start?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Iko ndani ya kaseti yenyewe?" Ndiyo. Akasema basi hiyo inaruhusiwa, si wizi, na kwamba nimwulize Mama kama lile sanduku bado lipo. Lipo, chini ya kitanda. Adapta Mama aliitupa zamani.

Juzi usiku nikafika 8-3, kwa A na Start, nikiwa na maisha mawili. Wale wawili wa nyundo walikuwa mbele yangu, juu ya matofali. Nikaisimamisha. Nikampiga picha skrini, nikamtumia Kaka, nikamwuliza kama naweza kuihifadhi hapo, mara hii moja tu.

"Hiyo ihifadhi," akajibu. "Usiiguse mpaka nije."

Likizo yake ni Desemba. Mwenzangu kazini ameshaanza kuniuliza habari za Switch yake.